Mitindo ya mashabiki katika Magic: The Gathering

Mitindo ya mashabiki katika Magic: The Gathering ni taratibu za kucheza mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering zilizobuniwa na wachezaji wenyewe, si na Wizards of the Coast, kampuni ya Marekani inayochapa kadi hizo. Mitindo hii yote hutumia kadi zilezile zinazouzwa na kampuni. Kinachotofautiana ni masharti: kadi zipi zinaruhusiwa, kila mchezaji awe na kadi ngapi, wachezaji wangapi wakae mezani, na mchezo unashindwaje.

Mtindo unaojulikana zaidi kati ya hii ni Commander, ulioanzia katika jimbo la Alaska miaka ya 1990 na kuendeshwa na watu wa kujitolea hadi mwaka 2024. Mingine ni Pauper, Cube, Old School, Premodern, Canadian Highlander, Oathbreaker na Penny Dreadful. Baadhi imekubaliwa na kampuni na kuingizwa katika bidhaa au mashindano yake, baadhi imebaki mikononi mwa mashabiki, na baadhi imesahaulika.

## Usuli

Magic: The Gathering ulibuniwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, na ulianza kuuzwa Agosti 1993. Katika karata za kawaida, pakiti moja ya karata 52 hutosha meza nzima. Katika Magic, kila mchezaji huja na fungu lake la kadi, alilolipanga mwenyewe kutokana na kadi alizonunua, kubadilishana au kupewa. Kwa kawaida kadi huuzwa katika pakiti ndogo zilizofungwa, na mnunuzi hajui atakachokuta ndani. Kadi nyingi ni za kawaida, na chache ni adimu.

Wachezaji huigiza wachawi wanaopigana. Kadi za ardhi hutoa nguvu iitwayo mana, yenye rangi tano: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Mana hutumika kulipia kadi nyingine, kama vile viumbe wanaoshambulia au uchawi unaofanya kazi mara moja na kuisha. Katika utaratibu wa msingi wachezaji ni wawili, kila mmoja huanza na pointi 20 za uhai, na fungu lake lina kadi zisizopungua 60. Kadi yenye jina moja haizidi nakala 4, isipokuwa ardhi za msingi. Anayefikishwa pointi 0 hushindwa.

Toleo la kwanza lilikuwa na kadi 295 tofauti. Matoleo mapya yaliendelea kutoka kila mwaka, na leo kuna zaidi ya kadi 20,000 tofauti. Mwaka 1995 kampuni iligawa mashindano yake katika mitindo miwili. Mmoja, ambao baadaye uliitwa Vintage, uliruhusu karibu kadi zote. Mwingine, ambao sasa huitwa Standard, uliruhusu kadi za matoleo ya karibuni tu. Tangu hapo neno "mtindo" limekuwa na maana maalumu kwa wachezaji: ni jibu la swali la kadi gani zinaruhusiwa na kwa masharti gani.

## Sababu za kubuniwa

Kubadili kanuni si jambo geni katika michezo ya karata. Kanuni hutofautiana kati ya nyumba na nyumba au mtaa na mtaa, na wachezaji hukubaliana kabla ya karata kugawiwa. Katika Magic kuna sababu tatu za ziada zinazowasukuma wachezaji kutunga mitindo yao.

Sababu ya kwanza ni gharama. Mchezaji anayetaka kushindana hana budi kuwa na kadi zenye nguvu, na kadi hizo mara nyingi ni adimu. Mwaka 1996, baada ya wakusanyaji kulalamika kwamba kadi zao zinashuka thamani zinapochapwa upya, kampuni ilitoa orodha ya kadi ilizoahidi kutozichapa tena. Ahadi hiyo ingali inatekelezwa. Kadi zilizomo, kwa mfano Black Lotus ya mwaka 1993, haziongezeki ilhali wanaozitaka wameongezeka.

Sababu ya pili ni kadi kukaa bila kazi. Katika Standard, matoleo ya zamani huondolewa mapya yanapoingia. Katika mitindo inayoruhusu kadi za zamani, ni kadi chache zenye nguvu kupita kiasi ndizo hutumika. Maelfu ya kadi nyingine hubaki ndani ya maboksi.

Sababu ya tatu ni aina ya burudani. Mashindano rasmi kwa kawaida huwapambanisha watu wawili, na lengo ni kushinda haraka. Wachezaji wengi hutaka mchezo mrefu zaidi, wa marafiki kadhaa kwenye meza moja.

## Commander

### Asili

Commander ulianza kwa jina la Elder Dragon Highlander, lililofupishwa EDH. Jina hilo lina sehemu mbili. Elder Dragon ni dragoni watano wakubwa wa toleo la Legends la mwaka 1994: Arcades Sabboth, Chromium, Nicol Bolas, Palladia-Mors na Vaevictis Asmadi. Highlander ni jina la filamu ya mwaka 1986 kuhusu wapiganaji wasiokufa ambao mwishowe atabaki mmoja tu. Wachezaji wa Magic walikuwa tayari wakilitumia jina hilo kwa mafungu ambayo kila kadi ina nakala moja tu.

Kundi la wachezaji wa Alaska, akiwemo Adam Staley, liliunganisha mawazo hayo mawili. Kila mchezaji alikuwa na dragoni mmoja kama kiongozi wa fungu lake, na kadi nyingine zote hazikurudiwa. Sheldon Menery, mwanajeshi wa anga wa Marekani aliyekuwa pia mwamuzi wa mashindano ya Magic, aliujua mchezo huo akiwa Alaska. Aliwafundisha waamuzi wenzake, nao wakawa wanaucheza usiku baada ya kazi katika mashindano makubwa ya kimataifa. Kwa kuwa waamuzi hao walitoka nchi mbalimbali, kila mmoja alirudi na mchezo huo kwao.

Baadaye sharti la dragoni watano lililegezwa, na kiumbe yeyote mwenye hadhi ya "mashuhuri" aliruhusiwa kuwa kiongozi. Menery na wenzake waliunda Kamati ya Kanuni, iliyotunza kanuni na orodha ya kadi zilizopigwa marufuku. Kamati hiyo haikuwa sehemu ya kampuni, na wajumbe wake walijitolea.

### Kanuni

Kanuni kuu za Commander ni hizi:

- Fungu lina kadi 100 kamili, akiwemo kamanda.
- Kila kadi ina nakala moja tu, isipokuwa ardhi za msingi.
- Kamanda huwa kiumbe mashuhuri. Haichangwi pamoja na kadi nyingine, bali huwekwa pembeni, wazi kwa wote, na mwenye fungu anaweza kuicheza wakati wowote anaporuhusiwa na akiwa na mana ya kutosha.
- Kamanda akiuawa anaweza kurudishwa pembeni na kuchezwa tena, ila kila mara gharama yake huongezeka kwa mana 2.
- Rangi za kamanda huamua rangi za fungu zima. Alama ya mana iliyoandikwa popote katika maelezo ya kadi huhesabiwa, si ile ya gharama pekee.
- Kila mchezaji huanza na pointi 40 za uhai.
- Mchezaji aliyepata madhara ya pointi 21 za mapigano kutoka kwa kamanda mmoja hushindwa, hata kama bado ana uhai.

Namba 21 ni kumbukumbu ya asili ya mtindo huu. Kila mmoja wa dragoni watano wa kwanza alikuwa na nguvu 7, kwa hiyo mapigo matatu yalitosha kumwondoa mchezaji.

Orodha ya marufuku ya Commander haifanani na za mitindo rasmi. Black Lotus imepigwa marufuku, lakini Sol Ring, ambayo imekatazwa katika mtindo rasmi wa Legacy, inaruhusiwa na huwekwa karibu katika kila fungu. Menery na wenzake walieleza kwamba lengo la orodha lilikuwa kuonyesha mfano wa aina ya kadi zinazoharibu burudani, si kukata kila kadi yenye nguvu. Mengine waliyaacha kwa wachezaji wenyewe, chini ya kile kinachoitwa "kanuni ya sifuri": kabla ya kuanza, walioko mezani huzungumza na kukubaliana ni mchezo wa aina gani wanautaka, na wanaweza kubadili kanuni yoyote wakiridhiana.

### Meza ya watu wanne

Kwa kawaida Commander huchezwa na watu wanne, kila mmoja dhidi ya wote. Hali hiyo huleta jambo lisilokuwepo katika mchezo wa watu wawili, yaani siasa za mezani. Mchezaji anayetangulia sana huwaunganisha wengine watatu dhidi yake. Wachezaji huahidiana kutoshambuliana kwa raundi moja, hukumbushana nani ni hatari zaidi, na huvunja ahadi pale inapowafaa. Mwenye fungu dhaifu anaweza kushinda kwa kunyamaza hadi wenye nguvu wamalizane.

Sharti la nakala moja nalo huathiri mchezo. Katika fungu la kadi 60 lenye nakala nne za kadi bora, michezo hufanana. Katika fungu la kadi 100 tofauti, mchezaji hawezi kutegemea kadi moja kuja mkononi kila mara. Kadi iliyosahaulika kwa miaka mingi hupata nafasi, hasa ikiendana na kamanda fulani.

Mfano wa hilo ni viumbe mashuhuri wa toleo la Mirage la Oktoba 1996, lililosimulia nchi ya kubuni iitwayo Jamuraa, yenye mandhari na majina yaliyochota mengi kutoka Afrika. Miongoni mwao ni Zuberi, Golden Feather, Rashida Scalebane na Hakim, Loreweaver, ambao majina yao ya kwanza ni ya kawaida katika pwani ya Afrika Mashariki. Chini ya kanuni za Commander, kila mmoja wao anaweza kuongoza fungu zima la kadi.

### Kutambuliwa na kampuni

Mnamo Juni 2011 Wizards of the Coast ilitoa mafungu matano ya kadi 100 yaliyopangwa tayari kwa ajili ya mtindo huu. Hapo ndipo jina Commander lilipochukua nafasi ya Elder Dragon Highlander, ingawa wachezaji wengi bado hutumia kifupi cha zamani. Kuanzia 2013 mafungu mapya yalitoka kila mwaka. Yalikuwa na faida kwa mchezaji mgeni, kwani alinunua boksi moja na kuanza kucheza bila kutafuta kadi moja moja.

Kampuni ilianza pia kubuni kadi kwa kuufikiria mtindo huo. Mafungu ya 2014 yalikuwa na makamanda wasio viumbe, na ya 2016 yaliruhusu makamanda wawili kuongoza fungu moja. Mwaka 2018, katika toleo la Core Set 2019, dragoni watano wa asili walichapwa kwa sura mpya. Mwaka 2020 lilitoka Commander Legends, toleo la pakiti zilizokusudiwa Commander. Mtindo uliobuniwa na mashabiki ukawa mtindo unaochezwa zaidi mezani, na sehemu kubwa ya biashara ya kampuni.

Hata hivyo Kamati ya Kanuni ilibaki huru. Kampuni ilichapa na kuuza kadi, lakini uamuzi wa kadi gani ziruhusiwe ulikuwa wa watu wachache wasiolipwa. Mwaka 2019 kamati iliongeza kundi la washauri kutoka miongoni mwa wachezaji. Menery alifariki Septemba 2023 baada ya kuugua saratani, na wenzake wakaendelea na kazi.

### Mgogoro wa mwaka 2024

Tarehe 23 Septemba 2024 kamati ilipiga marufuku kadi nne kwa pamoja: Mana Crypt, Jeweled Lotus, Dockside Extortionist na Nadu, Winged Wisdom. Tatu za kwanza humpa mchezaji mana nyingi mapema mno, hata akawaacha wenzake nyuma kabla mchezo haujakolea. Nadu ilileta zamu ndefu ambazo wengine hukaa wakitazama.

Uamuzi huo uligusa fedha za watu. Mana Crypt na Jeweled Lotus zilikuwa miongoni mwa kadi za bei kubwa zilizokuwa zikitumika katika mtindo huo, na bei zake zilishuka ghafla. Jeweled Lotus ilikuwa na tatizo la ziada: mana yake hutumika kumlipia kamanda tu, hivyo nje ya Commander karibu haina kazi. Kampuni yenyewe ndiyo iliyoibuni kwa ajili ya mtindo huo mwaka 2020. Wenye maduka, wakusanyaji na wachezaji waliokuwa wamezinunua walipata hasara kwa siku moja.

Maoni yaligawanyika. Waliounga mkono walisema kadi hizo ziliharibu michezo na kwamba bei ya kadi haipaswi kuilinda. Waliopinga walisema kamati haikutoa onyo lolote, na kwamba kanuni ya sifuri ilitosha kuzizuia mezani bila marufuku. Wapo waliovuka mpaka, na wajumbe wa kamati wakapokea vitisho vilivyohusu usalama wao na wa familia zao.

Tarehe 30 Septemba 2024, wiki moja baada ya tangazo, ilitangazwa kwamba kamati inakabidhi usimamizi wa Commander kwa Wizards of the Coast. Sababu iliyotolewa ni kwamba mzigo huo ulikuwa umezidi uwezo wa watu wa kujitolea kuubeba kwa usalama.

### Baada ya makabidhiano

Mnamo Oktoba 2024 kampuni iliunda jopo la ushauri lililowachukua baadhi ya wajumbe wa kamati ya zamani pamoja na wachezaji wengine wenye uzoefu. Februari 2025 ilitoa kwa majaribio mfumo wa ngazi tano za nguvu ya mafungu. Ngazi ya 1 ni ya mafungu yanayotengenezwa kwa ajili ya kuonyesha wazo au hadithi, ya 2 hukaribiana na mafungu ya kawaida yanayouzwa dukani, ya 3 ni yaliyoboreshwa, ya 4 hayana mipaka isipokuwa orodha ya marufuku, na ya 5 ni ya mashindano makali. Iliandaliwa pia orodha ya kadi zinazogeuza mchezo. Hazikukatazwa, lakini hazitumiki katika ngazi ya 1 na 2, na katika ngazi ya 3 haziruhusiwi zaidi ya tatu.

Mfumo huo haufuti kanuni ya sifuri. Unawapa watu wasiofahamiana msamiati wa kuanzia mazungumzo, jambo ambalo marafiki wa nyumbani hawakuwa na shida nalo.

## Mitindo mingine

### Pauper

Pauper huruhusu kadi za kawaida tu, yaani zile zilizowahi kuchapwa katika daraja la chini kabisa la uadimu. Masharti mengine ni ya msingi: kadi 60, nakala 4, uhai 20. Mtindo huu ulikuzwa na vikundi vya wachezaji katika Magic Online, programu ya kuchezea kwenye kompyuta iliyoanza mwaka 2002. Kampuni iliuingiza rasmi katika programu hiyo mwishoni mwa 2008. Wachezaji wa kadi za karatasi walisubiri hadi Juni 2019, orodha za kadi zinazoruhusiwa zilipounganishwa. Tangu Januari 2022 Pauper husimamiwa na jopo lenye wachezaji kutoka nje ya kampuni.

Pamoja na unafuu wake, Pauper si mchezo dhaifu. Kadi kadhaa za kawaida za miaka ya mwanzo zina nguvu kuliko kadi adimu za leo.

### Cube

Cube ni mkusanyo wa kadi uliochaguliwa na mtu mmoja au kikundi ili utumiwe tena na tena. Kadi hugawanywa katika mafurushi ya 15. Kila mchezaji huchagua kadi moja kutoka furushi lake, humpitishia jirani zilizobaki, na kuendelea hivyo hadi zimalizike, kisha hupanga fungu kutokana na alizopata. Kwa wachezaji 8, kila mmoja akiwa na mafurushi 3, zinahitajika kadi 360, na hicho ndicho kiwango cha chini kilichozoeleka.

Mwenye Cube ndiye mbunifu wa mchezo. Anaweza kuchagua kadi zenye nguvu kuliko zote, kadi za kawaida tu, au kadi za toleo moja alilolipenda. Wageni hawahitaji kununua chochote, kwani kadi hurudi kwa mwenyewe mwisho wa mchezo. Kampuni ilianza kutoa Cube katika Magic Online mwaka 2012.

### Old School na Premodern

Old School, unaoitwa pia 93/94, ulianzia Sweden katika muongo wa 2000. Huruhusu kadi za miaka miwili ya mwanzo tu. Katika kanuni za Sweden kadi lazima ziwe za machapisho ya wakati huo, na kwa sababu hiyo ni miongoni mwa mitindo ghali zaidi. Nchi nyingine zina kanuni zinazokubali kadi zilizochapwa upya. Mashindano yake maarufu, N00bcon, hufanyika Gothenburg. Mshindi hapewi fedha, bali kadi ya bei ndogo ya Giant Shark iliyotiwa saini na washiriki.

Premodern pia umetoka Sweden, ukabuniwa mwaka 2012 na Martin Berlin. Huruhusu matoleo ya kuanzia Fourth Edition ya 1995 hadi Scourge ya 2003, kabla sura ya kadi haijabadilishwa. Kwa kuwa hakuna kadi mpya zinazoingia, fungu lililopangwa leo litaendelea kufaa miaka ijayo.

### Canadian Highlander

Canadian Highlander ulikua katika jimbo la British Columbia, Kanada. Fungu lina kadi 100 zisizorudiwa, bila kamanda, na wachezaji ni wawili. Badala ya marufuku hutumia pointi. Kadi zenye nguvu kubwa hupewa thamani, na mchezaji ana pointi 10 za kutumia. Anaweza kuweka kadi kali sana akabaki na pointi chache, au kuzigawa kwa kadi kadhaa za wastani.

### Oathbreaker na Tiny Leaders

Oathbreaker ulitoka Minnesota, Marekani. Fungu lina kadi 60 zisizorudiwa, na kiongozi wake ni kadi ya aina iitwayo planeswalker, inayowakilisha mchawi mwenzako. Kiongozi huyo huambatana na kadi moja ya uchawi iliyo pembeni naye. Uhai ni 20, na mchezo huwa mfupi kuliko wa Commander. Kampuni iliutambua Machi 2023.

Tiny Leaders ulitumia mafungu ya kadi 50 zenye gharama isiyozidi mana 3. Ulienea kwa haraka miaka ya 2014 na 2015, kisha ukafifia. Wachezaji waligundua kwamba kadi zilizobaki baada ya sharti hilo zilikuwa chache mno, na michezo ikaanza kufanana.

### Penny Dreadful

Penny Dreadful ulianza mwaka 2016 katika Magic Online. Huruhusu kadi zinazouzwa kwa bei ya chini kabisa katika programu hiyo, isiyozidi senti mbili za Marekani. Orodha hutengenezwa upya toleo jipya linapotoka, kwa kufuata bei za soko. Kadi ikipendwa sana hupanda bei, na ikipanda huondoka yenyewe katika msimu unaofuata.

## Mitindo iliyozaa mitindo rasmi

Mara nyingine kampuni haikuchukua mtindo wa mashabiki kama ulivyo, bali iliona haja iliyofichuliwa na mtindo huo. Mwaka 2011 Gavin Verhey, aliyekuwa mchezaji na mwandishi, aliendesha katika Magic Online mtindo uitwao Overextended, ulioruhusu kadi za miaka mingi lakini ukaacha zile za mwanzo zilizokuwa ghali. Mwaka huohuo kampuni ilianzisha Modern, wenye wazo linalokaribiana. Verhey aliajiriwa na kampuni hiyo, na baadaye akawa miongoni mwa wanaosimamia Commander.

Mwaka 2016 maduka ya kadi ya Japani yalianzisha Frontier, kwa kadi za kuanzia toleo la Magic 2015. Frontier haukudumu, lakini Oktoba 2019 kampuni ilitangaza Pioneer, unaojaza nafasi ileile kati ya Standard na Modern.

## Uhusiano na kampuni

Kadi ni mali ya kampuni, lakini hakuna anayeweza kuwazuia watu wanne kukubaliana kanuni zao nyumbani. Kampuni hudhibiti mambo mawili: inachapa nini, na mashindano gani inayatambua. Katika mashindano yanayotambuliwa, kadi zote lazima ziwe halisi. Katika mikusanyiko ya mashabiki, mara nyingi huruhusiwa kadi mbadala, yaani karatasi yenye jina la kadi asiyoweza kuinunua mchezaji.

Mtindo ukipokelewa na kampuni hupata kadi mpya, matangazo na nafasi madukani. Kwa upande mwingine, kadi zinazotengenezwa kwa ajili yake zinaweza kubadili kilichowavutia watu mwanzoni. Wachezaji wa Commander wamekuwa wakilalamika kwamba viumbe wanaobuniwa wakiwa tayari makamanda huwaachia wapangaji wa mafungu kazi ndogo ya kubuni. Mitindo kama Old School na Premodern imeepuka hilo kwa kufunga mlango wa kadi mpya, lakini nayo hutegemea kadi za zamani ambazo idadi yake haiongezeki.

Matukio ya 2024 yalionyesha upande mwingine wa uhusiano huo. Maadamu mtindo ni wa marafiki, kanuni ni makubaliano tu. Ukishakuwa wa mamilioni ya watu na bei za kadi zikautegemea, kila uamuzi huwa na anayepata na anayepoteza, na mamlaka ya watu wa kujitolea hayana kinga isipokuwa imani ya wachezaji.

## Katika michezo mingine

Michezo mingine ya kadi za kukusanya ina mitindo ya aina hii. Katika Yu-Gi-Oh!, mashabiki hucheza Goat, unaotumia kadi na marufuku za mwaka 2005, na Edison, unaorejea hali ya mwaka 2010 na kuitwa kwa jina la mji wa Edison, New Jersey, palipofanyika mashindano makubwa mwaka huo. Katika kadi za Pokémon upo Gym Leader Challenge, ulioanza mwaka 2021, ambao fungu lake la kadi 60 halirudii kadi isipokuwa zile za nishati ya msingi, na viumbe wake wote huwa wa aina moja.